Mtemi bila utawala: namna ya kuwaita na kuwaandikia watu wa koo za kitawala ukanda wa Ziwa Victoria

Kamati ya harusi ikikaa Kirumba au Nyegezi, jijini Mwanza, kupanga kadi, mara nyingi hufika kwenye jina moja ikakwama. Ni mzee wa heshima, babu yake alikuwa mtemi, yaani mtawala wa jadi, wa Bukumbi au Nera kule Usukumani, na hakuna mwenye uhakika aandikweje. Mmoja atasema aandikwe Chifu. Mwingine atasema machifu walifutwa zamani, aandikwe Ndugu kama wengine. Wa tatu, kwa kuogopa lawama, atapendekeza "Mheshimiwa Chifu Mtemi", vyeo vitatu kwa mtu mmoja. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kamati kama hizo, washereheshaji, makatibu muhtasi, wanaotunga matangazo ya misiba, na wajukuu wa watemi wenyewe, ambao wengi wao hawajawahi kuelezwa cheo cha babu kinawahusu kwa kiasi gani.

Msimamo wangu ni huu: kwenye karatasi ya serikali usimpe mtu kile ambacho sheria ilikiondoa, na nyumbani kwa watu wake usimnyime kile ambacho bado wanampa. Karibu makosa yote ya kuitana vibaya hutokea tunapochanganya sehemu hizo mbili.

Hatua ya 1: Elewa ni nini kilichofutwa

Chini ya Waingereza mtemi alikuwa na sura mbili. Kwa watu wake alikuwa mwenye ng'oma ya utawala, anayetazamiwa mvua ikichelewa na anayesimamia ardhi. Kwa serikali ya kikoloni alikuwa mtumishi: alilipwa mshahara, alisimamia baraza la hukumu, alikusanya kodi. Mwaka 1963, baada tu ya nchi kuwa Jamhuri, Tanganyika ilifuta sheria ya machifu, na sura hiyo ya pili ikaondoka. Mahakama zikawa za serikali, kodi ikaenda halmashauri, mshahara ukakoma. Aliyeongoza serikali iliyofanya hivyo, Julius Nyerere, alikuwa mwenyewe mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki kule Butiama, mashariki ya ziwa hili hili. Nchi ilimwita Mwalimu.

Baadaye Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 29, ikaweka jambo hili wazi zaidi: hakuna raia mwenye haki au hadhi ya pekee kwa sababu ya nasaba, jadi au urithi wake, na hairuhusiwi kutunga sheria ya kumpa mtu hadhi ya namna hiyo. Kila afisa anayejaza fomu angepaswa kuijua ibara hii. Inamwondolea mzigo wa kubishana na mtu kaunta.

Ila tazama kilichobaki. Sheria ililenga madaraka. Haikuingia kwenye ua wa ukoo kumkataza mjukuu asimwite babu yake Mtemi. Hapo ndipo tunapotofautiana na nchi kama Austria, ambayo mwaka 1919 ilifuta vyeo vya kimwinyi na kupiga marufuku hata kuvitumia, kiasi kwamba miaka mia moja baadaye mjukuu wa mfalme wao wa mwisho, Karl Habsburg, alitozwa faini kwa kuweka kineno "von" kwenye jina lake. Ujerumani mwaka huo huo wa 1919 ilichagua njia nyingine: vyeo vikageuka sehemu ya jina la ukoo. Sisi hatukufuata hata mmoja. Kwetu cheo kiliondoka kwenye ofisi kikabaki mdomoni, na mdomo una adabu zake.

Mfano mzuri ni Adam Sapi Mkwawa. Alikuwa chifu wa Wahehe, kisha akawa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Bungeni alikuwa Mheshimiwa Spika. Nyumbani kwao Kalenga, Iringa, alikuwa Chifu. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, Tabora, alikuwa waziri katika serikali ya kwanza, na mpaka anafariki mwaka 2007 watu walisema Chifu Fundikira bila kumkosea yeyote. Kwa hiyo chukua kanuni ya kwanza: mtu akiwa na cheo cha kazi, kazini cheo hicho ndicho kinachotangulia. Mganga mkuu wa hospitali aliyezaliwa kwenye ukoo wa kitemi ni Daktari wodini. Ukimwita Mtemi mbele ya wagonjwa unamsumbua yeye na unawachanganya wao.

Hatua ya 2: Uliza mtu huyu ni yupi kati ya watatu

Kabla hujaandika chochote, mpigie simu mtu wa karibu wa familia, si mwenye jina mwenyewe, na uulize swali moja: alitawala, alisimikwa na ukoo, au alizaliwa tu?

Aliyetawala ni yule aliyekalia kiti kabla ya 1963. Wamebaki wachache mno. Huyu cheo chake ni chake hadi kaburini na baada ya kaburi. Dunia nzima ina desturi hiyo ya kumwachia aliyewahi kutawala jina la kiti chake kwa heshima, hata kiti kikiwa hakipo. Jamshid bin Abdullah alipinduliwa Zanzibar Januari 1964, akaishi Uingereza miongo mingi, akafariki Oman mwishoni mwa mwaka 2024, na matangazo ya kifo chake yalimtaja kama Sultani wa mwisho wa Zanzibar. Hakuna aliyesoma hilo akadhani Zanzibar ina sultani.

Aliyesimikwa na ukoo baada ya 1963 ni kiongozi wa mila. Kuna sherehe, kuna wazee waliomkalisha, kuna watu wanaomtambua. Huyu aitwe Mtemi au Chifu kwenye shughuli za mila na za jamii, na kwenye maandishi ongeza maneno yatakayoonyesha nafasi yake ilivyo: "Mtemi fulani, kiongozi wa mila wa Usmao".

Aliyezaliwa tu kwenye ukoo ndiye anayewasumbua wengi. Kuwa mtoto wa kwanza wa mtemi hakumfanyi mtu kuwa mtemi, na Usukumani jambo hili lina mizizi mirefu. Zamani kiti hakikumfuata mtoto wa kiume wa mtawala. Kilipita upande wa mama, kwa mtoto wa dada. Tena hata ndani ya ukoo ilibidi banang'oma, wale wazee wa ng'oma, wakae na kuchagua. Urithi wa baba kwa mwana ulikuja kushika nafasi baadaye, wakati wa ukoloni. Kwa hiyo kijana anayejitambulisha "mimi ni mtemi kwa sababu baba alikuwa mtemi" hajakamilisha hoja yake hata kwa mujibu wa mila. Mwandike kwa jina lake, na ikibidi uonyeshe nasaba, sema "mjukuu wa Mtemi fulani wa Nera". Maneno hayo ni ya kweli, yana heshima, na hakuna atakayeyapinga.

Hatua ya 3: Taja nchi yake, usimpe Usukuma wote

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwenye mabango na kadi: "Mtemi wa Wasukuma". Hakujawahi kuwa na mtemi mmoja aliyewatawala Wasukuma wote. Palikuwa na nchi za kitemi nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na ng'oma yake: Nera, Bukumbi, Usmao, Nassa, Ntuzu, Mwagala, Busiya na nyinginezo. Waingereza ndio waliowakusanya watemi kwenye shirikisho baada ya Vita Kuu ya Pili, makao yakiwa Malya, lakini hata pale walikaa kama wenzi kwenye baraza, kila mtu na nchi yake. Kidaha Makwaia, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945 akiwa miongoni mwa Waafrika wawili wa kwanza, alikuwa mtemi wa Busiya kule Shinyanga, na umaarufu wake wote haukumfanya mtemi wa Nera.

Ukimwita mtu Mtemi wa Wasukuma, unawavunjia heshima wengine wote waliokaa ukumbini. Andika "Mtemi wa" kisha jina la nchi. Ukiwa na shaka kuhusu jina la nchi au namna linavyoandikwa, nenda Bujora, pale Kisesa, njia ya Musoma. Makumbusho yale, yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, yana jengo lenye umbo la kiti cha enzi linalohifadhi ng'oma na vitu vya watemi. Dakika chache na mwongoza wageni wa pale zitakuokoa na aibu ya kuchapa upya kadi.

Kuhusu neno lenyewe: kwa Kisukuma ni ntemi, wengi batemi, kwa Kiswahili mtemi na watemi. Chifu lililetwa na utawala wa Waingereza na leo ndilo linalotumika nchi nzima, kwa Wachaga, Wahehe na wengine. Mimi hupendelea Mtemi kwa Msukuma na Mnyamwezi, kwa sababu watu wake ndivyo walivyomwita, na Chifu ninapoandika orodha ya wageni waliotoka makabila mbalimbali. Chagua moja. Usiyaweke yote mawili kwenye jina moja.

Mke wa mtemi ana cheo chake, ngole, na wazee wengi bado wanalikumbuka neno hilo. Mjane wa mtemi aliyetawala anaweza kuitwa hivyo kwenye shughuli za ukoo. Kwenye kadi ya kawaida, "Mama" pamoja na jina lake inatosha, na kwa bibi mzee wa Usukumani kuitwa Mayu na mtu mzima kuna uzito kuliko cheo chochote ulichokikopa. Yule mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, naye alikuwa mtu wa utawala. Wajukuu wake wasisahaulike kwa kuwa tu kiti chake kilikuwa kidogo.

Ukikutana na mzee mwenyewe ana kwa ana, salamu inabeba zaidi ya cheo. Asubuhi sema "Mwangaluka", mchana "Mwadila", kwa wingi, maana wingi ndiyo adabu hata kama yuko peke yake. Vua kofia. Mpe mkono kwa kushika kiwiko chako kwa mkono wa pili. Msichana wa nyumbani atapiga goti kidogo, na mgeni kutoka mbali hatalaumiwa asipofanya. Subiri akuulize habari za kwenu kwanza. Ukimaliza hayo, hata ukisema "Baba" au "Babu" badala ya Mtemi, hakuna atakayeona pengo.

Hatua ya 4: Ukivuka maji, badilisha neno

Ukipanda meli kwenda Nansio, cheo kinabadilika. Watawala wa Ukerewe, wa ukoo wa Abasilanga, waliitwa Omukama. Jumba lao la Bukindo bado lipo, na Michael Lukumbuzya, wa mwisho kutawala, baadaye aliiwakilisha Tanzania kama balozi. Kumwita mtu wa ukoo ule Mtemi ni kosa dogo ambalo Mkerewe atalisamehe, lakini atalikumbuka.

Buhaya pia ni Mukama, na hapa pana kazi zaidi. Nchi zilikuwa kadhaa: Karagwe, Kiziba, Ihangiro, Kianja, Bugabo, Missenye na Kyamtwara. Nyingi zilitawaliwa na ukoo wa Bahinda, lakini Kiziba ilikuwa ya ukoo wa Babito, hivyo usiwaite watu wa Kiziba Bahinda. Mtu wa ukoo wa kifalme huitwa mulangira, wengi balangira, na neno hilo ni la kuzaliwa nalo: halihitaji kusimikwa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Usukuma. Mhaya wa ukoo huo anaweza kutambulishwa kama mulangira kwenye send-off ya Mwanza bila kudai kiti chochote. Neno la kumheshimu mkubwa unapozungumza naye ni "waitu".

Nyongeza muhimu kwa Buhaya: zamani cheo kilitembea na ardhi ya nyarubanja, ambayo wakulima waliokaa juu yake walimlipa mwenye cheo. Sheria za miaka ya 1960 ziliufuta mfumo huo na ardhi ikawa ya waliokuwa wakiilima. Kumtaja mtu kwa heshima kama mulangira ni sawa. Kuandika kwenye barua kwamba shamba fulani "ni la mukama" ni kufungua ugomvi uliomalizwa na sheria kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwa wageni kutoka Buganda mambo ni ya namna nyingine, kwa kuwa falme zao zilifutwa kisha zikarudishwa. Milton Obote alizifuta kwa katiba ya mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya jeshi kushambulia Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, na mfalme huyo, Kabaka Mutesa wa Pili, kukimbilia London, alikofia mwaka 1969. Mwaka 1993 zikarejeshwa, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi wa Pili akatawazwa Kabaka. Katiba ya Uganda ya 1995 inawatambua kama viongozi wa jadi na utamaduni: hawaruhusiwi kuingia siasa za vyama wala kumlazimisha mtu kuwatii au kuwachangia. Kwa hiyo cheo cha Kabaka ni hai, kina sheria nyuma yake, na ukikiacha kwenye kadi utakuwa umekosea kweli.

Andika "Kabaka", na Waganda wenyewe husema "Ssaabasajja Kabaka". Mkewe ni Nnabagereka. Waziri mkuu wa Mengo ni Katikkiro, na mawaziri wake huitwa Owekitiibwa. Mtoto wa kiume wa ukoo wa kifalme ni Omulangira, wa kike ni Omumbejja. Maneno haya yaache yalivyo kwenye kadi ya Kiswahili. "Mfalme" na "binti mfalme" yanasomeka kama hadithi za watoto, na mgeni atajiuliza kama ni yeye anayezungumziwa. Waganda hupiga magoti au kulala chini mbele ya Kabaka. Mtanzania aliyealikwa hatakiwi kuiga, kuinama kwa adabu kunatosha.

Rwanda na Burundi nitazipitia haraka. Rwanda iliondoa ufalme mwaka 1961, Burundi Novemba 1966. Kigeli wa Tano Ndahindurwa, mfalme wa mwisho wa Rwanda, aliishi uhamishoni mpaka alipofariki Marekani mwaka 2016, na akazikwa kwao. Aliyetawala aitwe Mwami, yaani mfalme, anapotajwa katika historia. Waliozaliwa baadaye waandike kwa majina yao, na ukiwa na wageni wa nchi hizo kwenye meza moja usianzishe mjadala wa nani mrithi. Majeraha ya huko hayajapona.

Hatua ya 5: Mgeni wa Ulaya mwenye cheo kwenye pasipoti

Hoteli za Capri Point na kampuni za kupeleka watalii Serengeti hukutana na jambo hili. Mjerumani akileta pasipoti iliyoandikwa "Prinz" au "Graf" kwenye nafasi ya ukoo, hayo ni majina ya ukoo kisheria. Yaandike yote kwenye fomu kama yalivyo, herufi kwa herufi, maana tiketi ya ndege lazima ilingane. Mwanamke wa ukoo huo huo atakuwa "Prinzessin" au "Gräfin". Usidhani ni makosa ya chapa ukamrekebisha. Lakini kumwita "Mtukufu" mapokezini si lazima, Bwana na Bibi inatosha. Muaustria hatakuwa na hata "von". Mgiriki wa familia ya mfalme wa zamani naye hana cheo kinachotambuliwa na nchi yake, kwani ufalme uliondolewa kwa kura ya wananchi mwaka 1974. Simeon wa Bulgaria aliyekuwa mfalme akiwa mtoto alirudi kwao akachaguliwa waziri mkuu mwaka 2001, akitumia jina la kawaida la Simeon Sakskoburggotski. Ukiwaandikia watu wa aina hii, nakili jina walilosaini kwenye barua yao ya kwanza. Hutakosea.

Hatua ya 6: Kuandika barua na kadi

Kwenye bahasha weka jina kamili, kisha nafasi yake ya mila kwenye mstari wa pili. Kwa aliyesimikwa: "Mtemi fulani wa Bukumbi". Kwa mzaliwa wa ukoo: "Mzee fulani", na chini yake "Familia ya Marehemu Mtemi fulani wa Bukumbi". Ndani ya barua anza na "Kwako Mtemi," halafu "kwa heshima na taadhima". Usiandike "Mtemi wetu" kama wewe si mtu wa nchi yake. Neno "wetu" hapo ni kauli ya utii, na wazee wataligundua upesi.

Je, "Mheshimiwa"? Watu wengi sasa wanaliweka mbele ya kila jina. Naona neno hili tuliachie viongozi wa umma, wabunge, mawaziri na majaji. Mtemi halihitaji, kwani cheo chake tayari ni heshima. Ukiongeza Mheshimiwa unamshusha kumfananisha na diwani aliyepigiwa kura juzi. "Ndugu" nalo, neno la TANU la usawa wa raia, ni zuri kwa barua za ofisi kwenda kwa mtu yeyote, akiwemo mjukuu wa mtemi. Ila lisitangulie cheo: "Ndugu Mtemi" ni maneno mawili yanayovutana.

Fomu za kitambulisho cha taifa, hati ya nyumba, mkataba wa mkopo, cheti cha ndoa, usajili wa shule: jina tupu kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Hapa sibadili msimamo hata kidogo. Chifu likiingia kwenye hati moja na kukosekana kwenye nyingine, siku ya mirathi benki itahesabu watu wawili, na watakaohangaika mahakamani ni yatima.

Hatua ya 7: Mshereheshaji akiwa na kipaza sauti

Kwenye hafla yenye mgeni rasmi wa serikali, utaratibu wa itifaki unaanza na mgeni rasmi na viongozi wa serikali, kisha viongozi wa dini na wa mila kwa kadiri ofisi ya mkoa au wilaya itakavyoelekeza. Mtemi atambulishwe hapo kwa cheo, jina na nchi, asimame, apigiwe makofi, aketi. Usimtangaze kama mtawala wa eneo. Mkuu wa wilaya akisikia "mtawala wetu" ukumbini, umempa mzee wa watu tatizo ambalo hakuliomba. Na ukisema "itifaki imezingatiwa" kabla hujamtaja, wazee wa ukoo watakuwa wamekwishakunja nyuso.

Kwenye shughuli ya ukoo wenyewe, au ya mila kama Bulabo, tamasha la ngoma pale Bujora mwezi wa Juni, wakati vikundi viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vinaposhindana kucheza, mpangilio unageuka. Hapo wazee wa mila ndio wenyeji. Uliza kiongozi wao nani aanze, na ufuate hata kama hukubaliani.

Ipo pia namna ya tatu, cheo cha heshima anachopewa mtu asiye wa ukoo. Septemba 2021, kwenye tamasha la utamaduni Kisesa wilayani Magu, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Chifu Hangaya. Jina la namna hiyo linatajwa kwa fahari kwenye majukwaa ya mila, linaimbwa, linaandikwa kwenye mabango ya mapokezi. Haliingii kwenye barua rasmi za Ikulu wala halirithiwi na watoto. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyepewa jina la kichifu baada ya kusaidia ujenzi wa zahanati afuate kanuni hiyo hiyo: alifurahie kule alikopewa.

Hatua ya 8: Tangazo la msiba

Msibani ndipo makosa huumiza zaidi, kwa sababu hakuna nafasi ya kurekebisha na kila mtu anasikiliza redio. Aliyetawala au kusimikwa aandikwe "Marehemu Mtemi", jina, na nchi. Miaka ya utawala itajwe tu kama familia ina uhakika nayo. Pakiwa na shaka, iacheni. Watoto waorodheshwe kwa majina yao bila cheo, kila mmoja na mahali anapoishi, maana ndivyo ndugu walio Geita, Kahama au Dar es Salaam watakavyojua wampigie nani. Asitangazwe mrithi ndani ya tangazo la kifo. Nimeona familia ikigawanyika juu ya mstari mmoja uliosema "nafasi yake inachukuliwa na". Kumchagua mtu ni kazi ya wazee baada ya matanga, na gazeti halina haraka ya kulijua hilo.

Tangazo likiwa tayari, lisomwe kwa sauti mbele ya angalau mzee mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama kabla ya kupelekwa redioni.

Hatua ya 9: Cheo kinapotumika kudai mali

Mwisho niseme juu ya karatasi zinazozunguka vijijini zenye mhuri wa kichifu. Ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mtu anayejiita mtemi hawezi kukuuzia, kukugawia wala kukuthibitishia mpaka wa shamba, hata kama babu yake kweli ndiye aliyewagawia babu zako. Anaweza kuwa shahidi mzuri wa historia, na baraza la ardhi linaweza kumsikiliza kwa nafasi hiyo. Mchango wa sherehe za mila nao ni wa hiari. Anayekuja mlangoni na daftari akidai ni kodi ya mtemi, muulize mtendaji wa kijiji amemtambua, na usitoe shilingi mpaka mtendaji mwenyewe akujibu.

Ukilazimika kumkatalia mtu wa ukoo wa kitemi jambo la namna hii, mkatalie kwa adabu ile ile ya hatua ya tatu. Anza na Mwangaluka, mwite Baba, mkaribishe kiti, kisha mwambie kwamba suala la shamba mtalimaliza kwenye ofisi ya kijiji.